Waaustralia Walidai Toba, Hawakudai Ukweli

Jumamosi ya tarehe 24 Machi 2018, katika uwanja wa Newlands mjini Cape Town, kamera za televisheni zilimnasa Cameron Bancroft, mchezaji kijana wa timu ya taifa ya kriketi ya Australia, akiusugua mpira kwa kitu kidogo cha njano alichokificha kiganjani, kisha akakisokomeza ndani ya suruali yake alipotambua kwamba anatazamwa. Waamuzi walipomwita na kumuuliza, aliwaonyesha kitambaa cheusi cha miwani. Jioni ya siku hiyohiyo aliketi mbele ya waandishi wa habari pamoja na nahodha wake, Steve Smith, wakakiri kwamba walikusudia kuuharibu mpira, ila wakadai kwamba kitu kile kilikuwa utepe wa gundi ulioshika chembe za udongo wa uwanjani. Siku nne baadaye ilithibitishwa kwamba kilikuwa kipande cha msasa.

Kwa msomaji asiyeifuatilia kriketi, jambo hili linahitaji maelezo mafupi. Mpira wa kriketi ni wa ngozi, na una mshono unaougawa pande mbili. Wachezaji wanaruhusiwa kuung'arisha upande mmoja kwa kuufuta kwenye nguo zao, lakini hawaruhusiwi kuukwaruza upande wa pili kwa kucha, kwa udongo wala kwa kifaa chochote, kwa sababu mpira uliochakaa upande mmoja na kung'aa upande mwingine hupinda angani kwa namna ambayo mpigaji hushindwa kuikisia. Katika Kiswahili tunasema kocha anakipiga msasa kikosi chake tukimaanisha kwamba anakinoa. Msasa wa Newlands uliingizwa uwanjani ili kuharibu.

Jumapili, Waziri Mkuu wa Australia wa wakati huo, Malcolm Turnbull, alijitokeza na kusema kwamba ni vigumu kuamini kuwa timu ya taifa imehusika katika udanganyifu, akaitaka bodi ya kriketi ichukue hatua bila kuchelewa. Siku hiyohiyo Smith na makamu wake, David Warner, walivuliwa uongozi mechi ikiwa bado inaendelea, mlinda wiketi (anayedaka mpira nyuma ya mpigaji) Tim Paine akakabidhiwa timu, na wapigaji wa Australia wakatolewa wote kwa mikimbio, yaani pointi za kriketi, 107 tu na timu kushindwa kwa tofauti ya mikimbio 322. Matokeo hayo hayakumshughulisha mtu yeyote nyumbani. Kilichozungumzwa kila mahali kilikuwa aibu.

Aibu hiyo ndiyo inayonivuta kuandika. Hasira ya Waaustralia ilikuwa ya kweli, na nitaitetea dhidi ya wale walioiona ya kupindukia. Hata hivyo, mtu akifuatilia jinsi ilivyopanda, ilivyoshuka na ilivyogawanywa baina ya wahusika katika miaka iliyofuata, ataona kwamba umma uliwadai wachezaji wake toba, na ulipoipata ukaridhika, bila kudai kwa nguvu ileile maelezo kamili ya nani alijua nini na tangu lini. Timu ilirudishiwa mapenzi kabla haijamaliza kujibu. Kwa sababu hiyo swali lilelile limekuwa likirudi kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na kila linaporudi huwakuta wenye timu wamegawanyika upya.

Ili kuielewa hasira yenyewe, ni lazima kukumbuka kwamba katika nchi ile timu ilitangulia taifa. Mechi ya kwanza ya testi, yaani kriketi ndefu ya siku kadhaa baina ya timu za mataifa, ilichezwa Melbourne mwezi Machi 1877, ambapo wachezaji kutoka makoloni ya Australia waliwashinda Waingereza. Makoloni hayo hayakuungana kuwa nchi moja hadi tarehe 1 Januari 1901. Kwa hiyo, kwa karibu robo karne, kitu kilichoitwa Australia kilionekana zaidi kwenye uwanja wa kriketi kuliko kwenye sheria. Cheo cha nahodha wa timu ya testi ya wanaume hutajwa mara kwa mara kuwa cha pili kwa uzito baada ya cha waziri mkuu, na kofia ya kijani anayokabidhiwa mchezaji katika mechi yake ya kwanza hutunzwa hata inapochakaa na kuchanika, kwa kuwa wengi hukataa kabisa kuibadilisha.

Juu ya urithi huo uliwekwa urithi mwingine, ule wa kudhulumiwa. Katika msimu wa 1932 na 1933 Waingereza walikuja na mbinu ya kuurusha mpira kwa kasi kuelekea mwilini mwa wapigaji wa Australia, na nahodha Bill Woodfull, mwenyewe akiwa amepigwa na mpira, alisema kwamba uwanjani kuna timu mbili na ni moja tu inayojaribu kucheza kriketi. Kauli hiyo imerithishwa kizazi baada ya kizazi. Iliwafundisha Waaustralia kujiona kuwa watu wanaocheza kwa ukali lakini kwa haki, na katika miaka ya karibu na 2018 fundisho hilo lilikuwa limegeuka majivuno. Wachezaji wao walipolaumiwa kwa kuwatukana wapinzani walijibu kwamba wanaujua mstari ulipo, kwamba huusogelea lakini hawauvuki, na wakajipa hata mamlaka ya kuwaambia wengine mstari huo umepita wapi. Ndiyo maana picha ya Bancroft iliumiza kuliko ambavyo ingeumiza mahali pengine: waliojitangaza walinzi wa mpaka walionekana wakiuvuka mchana kweupe, wakiwa na kifaa mkononi.

Historia yao, kusema kweli, haikuwa safi kiasi hicho. Tarehe 1 Februari 1981 nahodha Greg Chappell alimwamuru mdogo wake, Trevor, auviringishe mpira wa mwisho ardhini ili mpigaji wa New Zealand asiweze kuupiga mbali na kupata mikimbio 6 ya kusawazisha. Sheria ya wakati huo haikukataza, lakini Waziri Mkuu Malcolm Fraser aliulaumu uamuzi huo hadharani, na watazamaji wa Melbourne, Waaustralia wenyewe, waliwazomea wachezaji wao. Mwaka 1995 bodi iliwatoza faini wachezaji Shane Warne na Mark Waugh kwa kupokea fedha kutoka kwa mpanga kamari aliyetaka habari za hali ya hewa na hali ya uwanja, kisha ikaificha adhabu hiyo hadi ilipofichuliwa mwishoni mwa 1998. Matukio haya mawili yananisaidia kuona tofauti ambayo nitaitumia mbele: lile la 1981 lilitendeka mbele ya macho ya wote na likaisha kwa lawama za wazi, ilhali hili la pili lilifunikwa na wakubwa, na liliwachafua zaidi waliolifunika kuliko wachezaji waliolitenda.

Sasa tutazame adhabu za 2018, maana pengo lililomo ndani yake linapima vizuri hasira ya umma kuliko makelele ya magazeti. Baraza la kimataifa la kriketi, ICC, lilimfungia Smith mechi 1 na kumnyima malipo yote ya mechi ile, na Bancroft likamkata asilimia 75 ya malipo yake. Hicho ndicho kilichokuwa kiwango cha kawaida cha kosa hilo duniani. Faf du Plessis, aliyekuwa nahodha wa Afrika Kusini siku ile ile pale Newlands, alikuwa amekutwa na hatia ya kuuchezea mpira mara mbili, mwaka 2013 na mwaka 2016, akatozwa faini, na mwezi mmoja baada ya kosa la pili akathibitishwa kuwa nahodha kamili wa timu ya testi. Bodi ya Australia, kwa upande wake, iliwafungia Smith na Warner miezi 12 na Bancroft miezi 9, ikamzuia Smith kufikiriwa kwa uongozi hadi mwaka mwingine upite baada ya kifungo chake, na Warner ikamwondoa katika uongozi moja kwa moja. Tofauti kati ya mechi moja na mwaka mzima haitoki kwenye kitabu cha sheria. Inatoka kwa wananchi.

Warne mwenyewe aliandika wakati ule kwamba kosa halikuwa na utetezi ila mwaka mzima ni mwingi mno, na wachezaji wengi wa zamani walikuwa na mtazamo kama wake. Siafikiani nao. Kuung'arisha mpira kwa mate yenye peremende, kama ilivyokuwa kwa du Plessis mwaka 2016, ni kosa. Lakini hapa palikuwa na mpango, kifaa kilicholetwa kutoka chumba cha kubadilishia nguo, mchezaji aliyekuwa katika mechi yake ya 8 tu ya testi akitumwa na mkubwa wake, uongo mbele ya waamuzi uwanjani, na uongo mwingine mbele ya taifa jioni. Umma uliyaona hayo yote kwa macho yake kwenye televisheni. Ulipodai adhabu kubwa kuliko ya ICC ulikuwa unahukumu jambo ambalo ICC haikuulizwa, yaani uaminifu kati ya timu na watu wanaoiita yao. Mtu hukasirishwa hivyo na kilicho chake tu.

Tatizo lilianza siku mbili tatu baadaye, na lilianzia mahali penye utu mwingi. Tarehe 29 Machi Smith alitua Sydney, akakaa mbele ya kamera akitokwa na machozi hadi akashindwa kuongea, baba yake akiwa amesimama nyuma yake na mkono begani pa mwanawe. Siku hiyohiyo Bancroft aliomba radhi mjini Perth, na kocha Darren Lehmann, aliyekuwa amesafishwa na uchunguzi wa bodi, alitangaza kwamba ataondoka baada ya kuona jinsi vijana wake walivyoumia. Nchi iliyokuwa ikiunguruma Jumatatu ilinyamaza Alhamisi jioni. Watu waliodai kichwa cha nahodha walianza kuuliza iwapo hawakupita kiasi, na sina lawama kwao, kwa sababu asiyeguswa na kilio kile ana moyo mgumu.

Lakini angalia kilichompata Warner. Alizungumza tarehe 31 Machi, naye pia alilia. Waandishi walimuuliza zaidi ya mara moja kama kuna wengine waliojua, na kama anahisi ametolewa kafara, naye akakwepa kujibu, kisha akaeleza mtandaoni kwamba kuna taratibu zinazombana. Machozi yake hayakuhesabiwa sawa na ya Smith. Wengi waliona kwamba anacheza na maneno kama wakili, na kuanzia siku hiyo wanaume wawili waliofungiwa muda uleule walitengana katika mioyo ya watu: mmoja akawa kijana mwema aliyepotoka, mwingine akawa asili ya uovu wenyewe. Ni kweli kwamba bodi ilimtaja Warner kuwa aliyeubuni mpango na kumwonyesha Bancroft namna ya kuutekeleza. Ni kweli vilevile kwamba Smith alijua, hakuzuia, alielekeza kwamba ushahidi ufichwe, na kisha akawadanganya wananchi. Nahodha ndiye mwenye timu. Ikiwa tunapima wajibu, sioni jinsi anayeweza kuusimamisha mpango kwa neno moja asibebe sawa na aliyeubuni. Ikiwa tunapima kilio, basi kila kitu kinaeleweka.

Hapo ndipo ninapouona mwanzo wa upungufu wa umma. Swali ambalo Warner alilikwepa lilikuwa swali muhimu kuliko yote, na lilikuwa na mahali pa kujibiwa. Uchunguzi wa bodi uliofanywa Afrika Kusini na ofisa wake wa maadili, Iain Roy, ulichukua siku chache tu, na mtendaji mkuu James Sutherland akatangaza kwamba wachezaji watatu pekee ndio waliojua kabla. Wachezaji hao walikuwa na haki ya kupinga adhabu, na kama wangeipinga kungekuwa na kikao cha kusikiliza mashahidi. Kufikia tarehe 5 Aprili wote watatu walikuwa wameikubali. Kukubali huko kulisifiwa kuwa ni ukomavu, na kwa kweli kulikuwa na heshima ndani yake, lakini ndiko kulikoufunga mlango pekee ambao kupitia kwake nchi ingesikia habari nzima. Sikumbuki umma ukilalamika. Ulikuwa umekwisha kupata ulichokihitaji.

Wenye fedha waliusoma umma huo mapema. Mdhamini mkuu wa mechi za testi za nyumbani, kampuni ya Magellan, alijitoa tarehe 29 Machi kabla mkataba wake haujamaliza hata mwaka, na kampuni nyingine zikawaacha wachezaji mmoja mmoja. Lakini tarehe 13 Aprili, majuma matatu tu baada ya Newlands, bodi ilitia saini mkataba wa haki za televisheni wa miaka 6 wenye thamani ya dola za Australia bilioni 1.18. Mtu halipi kiasi hicho akiamini kwamba watazamaji wameondoka.

Haki inanidai niseme kwamba bodi haikuachwa hivihivi. Kituo cha maadili cha Sydney kilichoongozwa na Simon Longstaff kilipewa kazi ya kuchunguza utamaduni wa kriketi nchini, na ripoti yake yenye mapendekezo 42, iliyotolewa tarehe 29 Oktoba 2018, ilikuwa kali kuliko wengi walivyotarajia. Ilisema kwamba taasisi ilijali ushindi bila kuhesabu gharama zake, na kwamba wachezaji waliishi ndani ya kiputo kilichopakwa dhahabu, mbali na maisha ya watu wa kawaida. Mwenyekiti David Peever, aliyekuwa amechaguliwa tena siku chache tu kabla ripoti haijatoka, alijiuzulu tarehe 1 Novemba. Chama cha wachezaji kiliitumia ripoti hiyo kudai kwamba vifungo vya wale watatu vifupishwe, kwa hoja kwamba mfumo ndio uliowalea, na bodi ikakataa. Nilidhani wakati ule, na bado nadhani, kwamba bodi ilikuwa sahihi katika kukataa. Hata hivyo ripoti ile ilikuwa na mpaka wake: iliagizwa ieleze mazingira yaliyolizaa kosa, haikuagizwa kulifungua upya kosa lenyewe. Wananchi walipoona wakubwa wakianguka waliamini kwamba hesabu imefungwa.

Timu nayo ilikuwa inajaribu kuwa watu wengine. Tim Paine alianza uongozi wake kamili mjini Johannesburg kwa kuomba timu zote mbili zipeane mikono kabla ya mechi, kisha Australia ikafungwa kwa mikimbio 492. Justin Langer akateuliwa kuwa kocha na kuzungumza sana juu ya kurudisha heshima ya wananchi. Matokeo yalikuwa machungu: mwezi Juni 2018 Waingereza waliwapiga mikimbio 481 katika mechi moja ya siku moja mjini Nottingham, na katika msimu wa 2018 na 2019 India ikashinda mfululizo wa testi ndani ya Australia kwa mara ya kwanza katika historia. Kuna waliosema kwamba upole ndio uliowaponza, na hoja hiyo ilinihuzunisha kuliko vipigo vyenyewe, kwa sababu ilikuwa inarudi polepole kwenye fikra zilezile zilizolizaa kosa. Wengine walipeleka mapenzi yao mahali palipostahili zaidi. Timu ya wanawake chini ya Meg Lanning ilikuwa inashinda bila kashfa yoyote, na tarehe 8 Machi 2020 watu 86,174 walijaa uwanja wa Melbourne kuiona ikiishinda India katika fainali ya Kombe la Dunia la T20, yaani kriketi fupi. Mitchell Starc, mmoja wa warushaji waliokuwa Newlands, aliondoka mapema kwenye ziara ya timu ya wanaume huko huko Afrika Kusini ili aje kumtazama mke wake, Alyssa Healy, akicheza fainali hiyo. Sijui picha nyingine inayoonyesha vizuri zaidi jinsi mizani ya heshima ilivyokuwa imehama.

Waliofungiwa walirejea mwaka 2019, na hapa wageni waliwasaidia sana bila kujua. Kwenye uwanja wa Oval mjini London, tarehe 9 Juni, mashabiki wa India walimzomea Smith hadi nahodha wao wenyewe, Virat Kohli, akawaashiria waache na wapige makofi. Mwezi Agosti mjini Birmingham Waingereza waliinua vipande vya msasa juu ya vichwa vyao, na Warner, akiwa amesimama karibu na mpaka wa uwanja, akaitoa nje mifuko ya suruali yake kuwaonyesha kwamba ni mitupu. Smith aliwajibu kwa mikimbio 144 na 142 katika mechi hiyo, na alimaliza mfululizo akiwa na 774 katika mechi 4. Wahenga walituusia kwamba ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime, wakipatana tuchukue kapu tukavune. Waaustralia waliokuwa bado na kinyongo waliwasikia watu wa nje wakimzomea mtoto wao, wakaamka usiku kumshangilia. Warner katika mfululizo huohuo alipata mikimbio 95 tu kwa mechi 5, na msamaha wake ukaendelea kusubiri. Inauma kuona kwamba dhamira ya mtu ilisomwa kwenye ubao wa matokeo, lakini sioni namna nyingine ya kuusoma mwaka ule.

Kisha mwezi Mei 2021 Bancroft alihojiwa na gazeti la Uingereza, akaulizwa kama warushaji walijua, na akajibu kwa namna iliyoacha ieleweke kwamba jibu liko wazi lenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika kriketi hakuna anayeujua mpira kuliko mrushaji anayeupokea mkononi kila mara na kuutazama kabla ya kukimbia. Nchi ilitetemeka tena kwa siku kadhaa. Pat Cummins, Josh Hazlewood, Starc na Nathan Lyon walitoa taarifa ya pamoja wakikana kwamba walijua chochote, wakieleza kuwa waliuona msasa kwa mara ya kwanza kwenye skrini kubwa ya uwanjani, na wakaomba uvumi ukome. Sina ushahidi wa kuwapinga, na sikusudii kuwatuhumu watu walioweka majina yao chini ya maneno yao. Ninachosema ni kwamba walilazimika kujitetea kwa taarifa ya maandishi, miaka 3 baadaye, kwa sababu hawakupata kusafishwa na uchunguzi uliokamilika. Ukweli ungewafaa wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Wanaosema kwamba taifa haliwezi kuuvumilia uchunguzi wa namna hiyo watazame nchi ileile ambako kashfa ilitokea. Hansie Cronje, nahodha wa Afrika Kusini, alipobainika mwaka 2000 kwamba alipokea fedha za wapanga kamari, serikali iliunda tume ya Jaji King, na ushahidi ukatolewa hadharani mjini Cape Town, wachezaji wenzake wakisimama mmoja baada ya mwingine. Kosa lake lilikuwa zito kuliko la Smith, alifungiwa maisha, na alikufa katika ajali ya ndege mwezi Juni 2002. Mwaka 2004 Waafrika Kusini walipopiga kura ya kuwachagua watu wao wakuu wa nyakati zote, walimweka katika nafasi ya 11. Mtu anaweza kuubishia msamaha huo, nami nina mashaka nao, lakini waliomsamehe walikuwa wamesikia mengi ya kusamehe.

Tarehe 2 Julai 2023, kwenye uwanja wa Lord's, Alex Carey wa Australia aliipiga kwa mpira wiketi, ile miti iliyo nyuma ya mpigaji, na kumtoa Jonny Bairstow wa Uingereza, aliyekuwa amekwisha kutoka kwenye mstari wake akidhani mchezo umesimama. Ilikuwa halali kabisa. Uwanja mzima uliimba kwamba Waaustralia ni walewale, wadanganyifu daima, na wanachama wa klabu inayomiliki uwanja waliwazonga wachezaji ndani ya jengo lao hadi watatu wakasimamishwa uanachama. Waziri Mkuu Anthony Albanese aliitetea timu na kusema anajivunia wanaume na wanawake wake wa kriketi, na nyumbani wengi walisimama naye. Mimi pia nasimama na Carey. Lakini nilishtushwa na wepesi wa hoja iliyotawala siku zile, kwamba sheria imeruhusu na yaliyobaki ni kelele za walioshindwa. Umma uliosema mwaka 1981 na mwaka 2018 kwamba sheria na kanuni za ICC hazitoshi ulikuwa sasa umetosheka nazo.

Mwisho wa mwaka huohuo zamu ikamrudia Warner. Mwaka mmoja nyuma, mwezi Desemba 2022, alikuwa ameliondoa ombi lake la kufutiwa marufuku ya uongozi baada ya kuona kwamba kikao kitakuwa cha hadhara, akieleza kwamba hayuko tayari familia yake iwe mashine ya kufulia nguo chafu za kriketi. Maneno hayo yalipita kwa urahisi mno, ilhali yalikuwa yanasema wazi kwamba nguo chafu zipo. Sasa alikuwa anaaga testi, na Mitchell Johnson, aliyewahi kucheza naye, akaandika kuhoji kwa nini mtu aliyekuwa katikati ya kashfa kubwa kiasi kile anapewa kuaga kishujaa. Nchi ikagawanyika kana kwamba ni Machi 2018. Warner akapiga mikimbio 164 mjini Perth dhidi ya Pakistan, akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha wakosoaji, na mwezi Januari 2024 watazamaji wa Sydney wakasimama kumpigia makofi alipotoka uwanjani kwa mara ya mwisho katika testi.

Tarehe 25 Oktoba 2024 jopo la watu watatu lilimwondolea marufuku ya uongozi, na siku chache baadaye akatajwa kuwa nahodha wa klabu ya Sydney Thunder. Jopo lilieleza kwamba lilimwona mwenye heshima na majuto ya kweli, na kwamba mwenendo wake ulikuwa umebadilika. Kuhusu siku ile ya Newlands, orodha rasmi ya waliojua ilibaki na majina yaleyale matatu ambayo Sutherland aliyasoma mwezi Machi 2018.